Kiti cha Mama Eliakimu

Mara ya kwanza nilipobwagwa kwenye mapatano pale Dodoma, aliyenibwaga alikuwa mwanamke mwenye ngoma. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka 1993, Makole, mbele ya kibanda cha tawi la mashabiki wa Nyika Stars. Enzi hizo kila mwenye akili alikuwa anatafuta cha kuuza, na mimi nilikuwa na lori moja, Isuzu iliyochoka. Siku za kazi lilibeba vitunguu na chumvi. Siku za mechi lilibeba mashabiki, kila mtu na nauli yake, hadi uwanja ambako timu inacheza, na kurudi.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Morogoro. Akaja mama mmoja mrefu, mweusi tii, amejifunga kaniki, ngoma begani.

"Wewe ndiye mwenye gari?"

"Ndiye mimi. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi na hii ni nauli ngapi?"

"Wewe nauli moja. Ngoma nusu, maana inakula nafasi ya mtu."

Hakubisha. Alikaa chini kando ya gurudumu, akaibana ngoma katikati ya mapaja kama wanavyofanya wanawake wa Kigogo, akaanza kupiga. Watu waliokuwa wanasitasita kwenye vibanda vya chai wakaanza kusogea. Wengine walikuwa hawana hata habari ya mechi. Alipoona lori limejaa hadi kwenye vyuma vya ubavuni, akanyamaza.

"Nilipofika ulikuwa na watu tisa," akasema. "Sasa wahesabu."

Nikawahesabu. Thelathini na wanne.

"Haya, mwanangu. Nani anamlipa mwenzake hapo?"

Halfani, katibu wa tawi, alicheka hadi akashika tairi. "Wambura, leo umekutana na mwenzio!" Mama akapanda bure, na kuanzia siku hiyo hakuwahi kunilipa nauli. Ngoma ndiyo ilikuwa nauli yake.

Aliitwa Zipora, lakini sisi tulimwita Mama Eliakimu. Alikuwa na nusu eka ya mizabibu Makutupora, na msimu wa kuvuna ukifika alifanya pia kibarua kwenye mashamba ya wengine. Zabibu zake nilizinunua mimi. Kila ndoo ilikuwa vita. Nikitaja bei, anaguna. Nikiongeza, anaangalia pembeni kama mtu anayesubiri mnunuzi mwingine, hata kama barabara nzima hakuna mtu. Nilimheshimu kwa hilo. Watu wengi niliofanya nao biashara nilijua watakapokomea kabla hawajafungua mdomo. Yeye sikuwahi kujua.

Mwanawe, Eliakimu, alichezea Nyika Stars, pembeni kushoto. Alikuwa na miaka ishirini, miguu mirefu ya mama yake, na kila mechi ilianza kwa namna moja. Timu zikiingia uwanjani, alisimama kwenye mstari, akasikiliza ngoma inatokea upande gani, kisha akainua mkono wa kushoto kuelekea huko. Mama naye alibadilisha mpigo. Hapo ndipo mechi ilipoanza, kwa sisi wa lori. Filimbi ya mwamuzi ilikuwa inafuata tu.

Ngoma ile ilikuwa na masharti yake. Ngozi isipopata joto inalia kama gunia lenye maji. Kwa hiyo kila tulikofika, Mama Eliakimu alishuka kabla ya wote, akatafuta ukuta wenye jua, akailaza ngoma uso wake ukitazama juu, akakaa pembeni. Kila baada ya muda aliigonga kwa kidole, akasikiliza, akaigeuza kidogo. Alivijua viwanja kwa jua la kila kimoja. Tabora kuna jua la kutosha lakini mchanga unaingia kwenye ngozi. Singida ni upepo. Iringa mpaka saa sita ndipo ukuta unapata joto.

Kwenda Iringa tulipita Mtera, kwenye bwawa. Huko ndiko mumewe alikokwenda kuvua samaki miaka mingi nyuma na hakurudi. Hakufa, alioa. Tukikaribia pale hakukosekana mchokozi.

"Mama Eli, tusimame umsalimie shemeji?"

"Nenda kamsalimie wewe. Mwambie timu imejaa, hana namba."

Lori zima linacheka, na yeye wa kwanza. Lakini Halfani aliniambia jambo ambalo nililiona mwenyewe baadaye: mwaka ule baba alipoondoka, mtoto alikuwa na miaka sita, na alikataa kulala mpaka mama amwahidi kwamba popote yeye mtoto atakapokwenda, atamkuta mama yake huko. Mama akaahidi. Mtoto alipoanza kusafiri na timu, mama akasafiri nyuma yake. Hakuwa anapenda mpira kuliko sisi. Alikuwa anatimiza neno lake.

Mwaka 1995 akaja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, ana mkoba na miwani ya jua, mwakilishi wa Pwani United. Wanamtaka Eliakimu. Zamani mchezaji alihama kwa barua ya kazi kutoka shirika moja kwenda jingine; sasa wachezaji walikuwa na bei, na kila mtu alitaka kusimama karibu na bei hiyo. Mama Eliakimu akanifuata dukani kwangu.

"Wambura, wewe unaweza kubishana na watu wa Dar. Kanibishie."

"Unataka nini?"

"Nyumba inavuja. Nataka mabati thelathini. Na kiti."

"Kiti gani?"

"Kiti cha uwanjani. Kila mechi anayocheza mwanangu, niingie na ngoma yangu bila kuulizwa na mtu. Waliandike hilo. Mabati wakitaka kupunguza, wapunguze. Kiti kisiguswe."

Nikakutana na yule bwana kwenye nyumba ya wageni aliyofikia. Mabati thelathini alikubali baada ya soda mbili. Kwenye kiti akakunja uso. Hilo litataka sahihi za kamati, akasema, na kamati haikai mpaka mwezi ujao, na mwezi ujao usajili umefungwa. Kisha akaniuliza lori langu linatembelea matairi gani. Nikamwambia yamekwisha. Akasema mlezi wa klabu yao anauza matairi.

Nilifikiri kwa muda wa kumaliza soda ya tatu. Niliona ni jambo dogo. Klabu gani itamzuia mama wa mchezaji wake getini? Mwanawe mwenyewe atamshika mkono, atamwingiza. Kwa nini kupoteza usajili kwa ajili ya mstari mmoja? Nikakubali. Matairi mawili, mapya.

Karatasi nikaipeleka Makutupora, pamoja na yule bwana. Mama Eliakimu hakujua kusoma. Alikaa kwenye kigoda, mwanawe amesimama nyuma, anaangalia simu ya upepo ya yule bwana, hasikilizi. Nikasoma kifungu kwa kifungu. Nilipofika mahali palipostahili kuwa na kiti, niliusoma mstari ambao haukuwapo. Niliusoma vizuri, kwa sauti ileile. Akatabasamu, akaweka dole gumba.

Miezi minne baadaye Nyika Stars walikwenda kucheza na Pwani United, Uwanja wa Taifa. Tangu ahamie, Eliakimu alikuwa ametuma salamu mara mbili na khanga mara moja. Lori lilijaa. Mama alipiga ngoma kutoka Makole hadi Gairo bila kupumzika, akasema anafanya mazoezi, mkono umelala. Tulilala Chalinze, tukaingia Dar asubuhi.

Kabla ya saa sita alikuwa ameshapata ukuta wake karibu na geti kubwa. Akatandika khanga, akailaza ngoma uso juu. Nikamfuata na tiketi mkononi.

"Mama, nimekununulia. Tuingie mapema."

"Ya nini? Kiti changu si kipo kwenye karatasi?"

"Kipo, lakini hawa wa getini hawana habari."

"Basi mwanangu atawapa habari. Kwa nini ninunue nilichokwisha kupewa?"

Ningekuwa mimi ningejibu hivyohivyo. Niliweza kumwambia ukweli pale, na sikumwambia.

Sasa, Dar es Salaam ya siku hizo ilikuwa imezoea kitu kimoja. Miaka ya njaa watu wetu wa Dodoma walikuwa wanashuka na treni na kukaa kando ya barabara, na watu wa mjini walikuwa wamefikia mahali pa kuona kila Mgogo aliyekaa chini ni ombaomba. Mama mwenye kaniki, amekaa ukutani karibu na geti, mbele yake kuna kitu cha duara kinatazama juu. Wa kwanza alipita akatupa sarafu ya kumi. Ikagonga ngozi, ikalia.

Mama Eliakimu aliitazama ile sarafu kama mtu aliyeona mdudu asiyemjua. Alidhani imedondoka. Akaiokota, akaita, "Baba, umeangusha!" Yule mtu alikuwa ameshapotea kwenye umati. Akaja wa pili, wa tatu. Nilitaka aiinue ngoma.

"Haijapata joto," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Basi la Pwani United likafika. Wachezaji wakashuka, traksuti za bluu, mabegi begani, mashabiki wao wanawapisha. Eliakimu alikuwa wa nne au wa tano. Mama akasimama nusu, akakaa tena, maana mikono ilikuwa inatafuta ngoma.

Mchezaji mmoja akamgonga Eliakimu bega. "Oya, Mgogo! Ndugu zako wamekufuata mpaka kazini!"

Wenzake wakaangua kicheko. Eliakimu alimwona mama yake. Sisemi labda. Nilikuwa nimesimama hatua tatu, na nilimwona anavyomwona. Akacheka na wenzake. Kisha akatia mkono mfukoni, akainama, akaweka juu ya ngoma sarafu ya mia, mpya, zile zilizokuwa ndiyo kwanza zimetoka.

"Shika, mama," akasema, kwa sauti ambayo mtu humwambia bibi yeyote njiani. Akaingia getini.

Mama Eliakimu alikusanya sarafu zote, akazifunga kwenye pindo la khanga. Nikamwambia twende, tiketi ninayo. Akatikisa kichwa. Tukakaa pale ukutani, mimi na yeye, mechi nzima. Ilipolipuka shangwe ya kwanza, akaniuliza, "Wa kwetu?" Nikasema sijui. Halfani akatoka anakimbia, jasho linamtiririka, kwa mazoea tu ya kutaka kumpa habari.

"Mama Eli! Kijana wako kafunga! Katufunga, lakini goli, acha tu!"

"Kwa mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Ndio wake," akasema.

Kurudi, ngoma haikulia. Watu wa lori walielewa kwamba kuna jambo, hata mchokozi wa Mtera alinyamaza. Tulipofika Makutupora, alishuka, akafungua pindo la khanga, akanimwagia sarafu kwenye kiganja.

"Ya nini, mama?"

"Nauli. Sikupiga, kwa hiyo nalipa." Aliacha moja tu kwenye khanga, najua ni ipi. Kisha akalizunguka lori, akasimama kwa nyuma. "Kiti changu ulikiuza kwa kitu gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mengi, yote mazuri.

"Matairi mawili."

"Haya ya nyuma?"

"Haya ya nyuma."

Akaligusa moja kwa ncha ya mguu. "Si mabaya," akasema, akaingia ndani.

Sarafu nilizipokea. Sikumkimbilia kumrudishia, kwa sababu nilijua asingezichukua, na kwa sababu nyingine ambazo si nzuri.

Msimu uliofuata Pwani United wakaja kucheza Dodoma, Uwanja wa Jamhuri. Nilikwenda. Timu zikaingia. Eliakimu akasimama kwenye mstari, akatega sikio. Uwanja ulikuwa na kelele za matarumbeta na makopo. Akageuka upande wa mashariki, ambako mama yake alikuwa akikaa kila mechi ya nyumbani, akainua mkono wa kushoto. Akaushikilia juu kwa muda mrefu hadi mwamuzi akamwita. Pale mashariki palikuwa na muuza karanga na watoto wa shule.

Kesho yake nikaenda Makutupora kununua zabibu. Paa la mabati lilikuwa linang'aa. Ngoma ilikuwa imeegemezwa ukutani, uso umeelekea ukuta. Nilimwambia, kwa sababu niliona anastahili kujua, na labda kwa sababu nilitaka na mimi kupunguziwa mzigo.

"Jana aliinua mkono."

Aliendelea kukata vichala. "Upi?"

"Wa kushoto."

"Upande gani?"

"Ulipokuwa unakaa."

Akakata kichala kingine, akakiweka kwenye ndoo, akakigeuza ili zile zilizopasuka zikae chini, kama wafanyavyo wauzaji wote. Basi nikafanya ninachojua kufanya, nikataja bei ya ndoo. Niliitaja chini sana, chini kuliko nilivyowahi kuthubutu mbele yake, bei ya matusi, ili agune, ili aangalie pembeni, anipandishe hadi nihisi uchungu.

"Chukua," akasema.

Nilipakia ndoo kumi na moja. Ule mwaka zabibu zilinipa faida kuliko miaka yote, lori la pili nililinunua kwa faida hiyo na akiba niliyokuwa nayo. Mashabiki nao walianza kupanda mabasi. Lori lisilo na ngoma halikuwa na sababu ya kujaa. Eliakimu alicheza Dar misimu mitatu, akajenga. Kila nikienda Makutupora nilitaja bei ya chini, na kila mara nilipewa.