Samaki wa Mjomba Kwenye Mizani

Maabarani walimwita Bi Mizani, kwa sababu kila kitu alikipima mara mbili, hata sukari ya chai. Hakuchukia. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na hakuna karatasi yenye saini yake iliyowahi kurudishwa.

Jumatatu hiyo hospitali ilitaka kujua: kati ya samaki aina ya trauti wa mtoni na trauti wa bwawani, yupi anampa mgonjwa wa moyo omega-3 zaidi, yale mafuta mazuri ya samaki. Wa mtoni walivuliwa na mjomba wake, ambaye alikwisha kuapa mbele ya mpishi mkuu wa hospitali kwamba samaki wake hawana mpinzani. Akishinda, atauza hospitalini mwaka mzima.

Majibu yakatoka. Samaki wa mjomba walikuwa wakavu kama ubao, karibu hawana mafuta. Bi Mizani akakunja uso. Hata samaki wa mtoni hakondi kiasi hicho. Akampigia simu mama yake, maana samaki walikuwa wamelala kwenye friji ya nyumbani.

“Mama, wale samaki uliwagusa?”

“Niliwasafisha, mwanangu. Ungepelekaje kazini samaki na matumbo yake? Nikawachuna ngozi, nikaondoa na ile nyama laini ya tumboni. Watu wasije wakasema hukulelewa.”

Sasa mafuta ya samaki yako wapi kama si tumboni na chini ya ngozi? Bi Mizani alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaandika “batili”, akaagiza samaki wapya waletwe moja kwa moja maabarani.

Siku ya majibu mjomba alikuja mwenyewe, amevaa shati lililopigwa pasi.

“Nimeshinda?”

“Kijiko cha mafuta ya samaki wako kina omega-3 nyingi kuliko cha samaki wa bwawani, mjomba. Ila samaki wako ni mwembamba, mafuta yake machache. Kipande kwa kipande, wa bwawani anatoa zaidi. Na mgonjwa anakula kipande, hanywi kijiko.”

“Mimi ndiye niliyekusomesha. Kwa samaki hawa hawa.”

Ilimuuma Bi Mizani, tena sana. Damu ni nzito kuliko maji, lakini mizani haijui ukoo.

“Ulinisomesha nipime, mjomba.”

Mzee aliisoma karatasi. Kisha akaisukuma kalamu iliyokuwa mezani mpaka mkononi mwa mpwa wake.

“Basi saini, kabla sijaanza kukuomba.”