Bi Mara Tatu na Uvimbe wa Moyoni

Kwenye kliniki ya moyo ya watoto walimwita Bi Mara Tatu, naye hakununa. Miaka ishirini na miwili amepima mioyo ya wachanga kwa ultrasaundi, na kila kitu hukipima mara tatu. Wala hafungui faili la mtoto kuona namba za zamani mpaka amalize. Alipokuwa mgeni kazini alichungulia kwanza namba ya mwezi uliopita, mkono ukaifuata, na uvimbe ulioongezeka akauandika kuwa uko vilevile. Daktari aligundua siku ileile, lakini hadi leo hajalisahau kosa hilo.

Asubuhi hiyo aliingia msusi mmoja na binti yake wa miezi mitano. Mtoto alizaliwa na uvimbe wa nadra ndani ya moyo, karibu na njia ya kutokea damu. Kama umekua, Jumatatu angepasuliwa.

"Dada, mara ya mwisho ulikuwa milimita kumi na..."

"Ishia hapo hapo, mdogo wangu! Ukinitajia nakutoa nje."

Akaipasha jeli joto kiganjani, akampaka mtoto kifuani. Kitoto kikashtuka, kisha kikatulia kunyonya kidole.

"Unaona nini?"

"Naona moyo. Ulitaka nione maini?"

Mama akacheka bila kupenda. Bi Mara Tatu akapima: tisa. Tena: tisa. Mara ya tatu: tisa. Ndipo akafungua faili. Kumi na nne! Akaukaza uso, maana majibu hutolewa na daktari.

"Ukinuna hivyo, mimi nimekwisha."

"Uso wangu ndivyo ulivyoumbwa. Muulize mume wangu." Akatoka karibu akimbie.

Daktari alikuja, akazitazama picha kwa makini. "Unanywea wenyewe," akasema. "Aina hii mara nyingi hufanya hivyo. Damu inapita vizuri, hatumpasui. Mrudishe baada ya miezi mitatu."

Daktari alipoondoka, mama alifuta machozi kwa kanga ya mtoto, akaomba jambo moja: auone huo uvimbe. Tangu kliniki ya kwanza alikuwa akigeukia ukutani asiione skrini.

Foleni ilikuwa ndefu, lakini Bi Mara Tatu akapaka jeli upya. "Huu moyo. Na hiki cheupe ndicho kilichokunyima usingizi."

Mama akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa skrini.

"Kumbe ni haka!" akasema, akakapigia msonyo mrefu.