Doa Lililongoja Jumamosi

Sisi tuliokulia Mitunguu miaka ya tisini hatukununua silaha, tulizikata shambani. Upanga ulikuwa mgongo wa jani la mgomba, ile sehemu ya kijani inayobaki ukishachana jani lenyewe pande zote mbili, mrefu, mzito kidogo mkononi, bado una baridi ya umande. Ukiuacha juani unalegea. Ukimpiga mtu kwa hasira unavunjika, na ukishavunjika unatafuta njia ya kukimbia. Kama mtoto yeyote angedai ana upanga usiovunjika, tungemcheka hadi akimbilie kwao.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya kijana wangu Muthomi, ambaye likizo hii yote amekuwa akipigana kwenye simu na watu wa dunia nzima. Juzi nilichungulia. Upanga wa shujaa wake ni mpana kuliko mlango wetu wa jikoni, na unatoa moto. Kando yake kuna msichana aliyevaa chuma mabegani na magotini, lakini tumbo liko wazi kabisa. Nikauliza, na huyu akichomwa tumboni?

"Mum, hiyo armour iko na magic," akasema bila kuinua macho.

Kisha akanitajia jina la pigo lake, jina refu kama sala ya chakula, lenye joka na giza na milele ndani yake. Nikamuuliza ni nani alimpa jina hilo.

"Ni game. Ukifika level fulani unapewa tu."

Nilicheka, lakini nilimwonea huruma. Kwetu jina la pigo ulipewa na mtu uliyempiga. Huwezi kujibatiza mwenyewe. Pigo la Mwiti, mtoto wa jirani, liliitwa Kiboko cha Hesabu, na aliyetoa jina hilo alikuwa bado anajipapasa mgongo. La Kinoti, binamu yangu aliyekuwa akiishi nasi, liliitwa Radi ya Kiangazi, maana lilikuja wakati hakuna hata wingu. Ukishapewa jina, unalitangaza kwanza kwa sauti ndipo unapiga. Kupiga kimyakimya ilikuwa aibu, labda kama huna jina.

Mimi sikuwa nalo. Nilikuwa mfupi, msichana peke yangu kundini, na upanga wangu ulivunjika kabla sijamfikia mtu. Nilitamani jina lile kuliko viatu vya Krismasi.

Shahidi wetu alikuwa utomvu. Kabla ya vita kila mmoja alikata upya ncha ya upanga wake mbele ya wenzake, tukaita hiyo kunoa. Ncha mbichi hutoa maji, na ukiguswa nayo nguo inalowa kidogo tu, huoni kitu. Lakini ikishafuliwa na kuanikwa, pale palipoguswa panatoka doa la kahawia ambalo sabuni yoyote hailiwezi. Kwa hiyo ubishi wote wa wiki ulingoja Jumamosi, siku ya kufua. Tulijipanga mbele ya kamba ya nguo tukikagua nani alikufa na alichomwa wapi, huku Mama akianika na kunung'unika.

"Nyinyi watoto mtanimaliza," alikuwa akisema. "Na nikipata mtu amekata mgomba wenye mkungu, atakula huo upanga wake na chumvi."

Tulikata ile iliyokwisha kuvunwa, maana tulimjua Mama.

Nilichukua muda kugundua kwamba wavulana walikuwa wakijivuna na panga zao juani hadi zinalegea. Nikaanza kuulaza wangu ndani ya mfereji wa kumwagilia shamba. Ulitoka humo mgumu, unatiririka maji. Lakini niligundua mbinu hiyo likizo ya Agosti ikiisha, siku chache tu kabla ya Kinoti kuondoka. Baba yake alikuwa amepata kazi Kiirua, kule juu kwenye baridi, na alikuwa anakuja kumchukua.

Siku ya safari nilimkuta ameketi juu ya sanduku lake, amevaa shati jeupe, anangoja pikapu. Nikamwomba tupigane mara moja tu.

"Karimi, hii shati ni ya safari."

"Sema tu unaogopa."

Akainuka. Upanga wake ulikuwa ukutani tangu asubuhi, jua limeumaliza. Tulinoa, akatangaza Radi ya Kiangazi, akapiga, na upanga wake ukapinda kwenye wangu kama ukanda. Nikamgusa chini ya mbavu. Akalitazama shati. Palikuwa na tone la maji pale, basi.

"Hayo ni maji ya mfereji," akasema. "Umenikosa."

Pikapu ikapiga honi, akapanda, wakaenda. Nilibaki nimesimama na upanga wangu. Kama ulikuwa utomvu, doa lingetokea Kiirua, kwenye kamba ambayo mimi nisingeiona. Nililia hadi Mama akatoka jikoni kuniuliza kama namlilia Kinoti. Nikasema ndiyo, na hiyo pia ilikuwa kweli.

Disemba walikuja kula Krismasi kwetu. Baba yake alishuka akilalamika kwamba amemnunulia mtoto shati jipya na mtoto amekataa kulivaa. Kinoti alikuwa amerefuka, mikono imelitoka lile shati jeupe la safari, kola imekaza. Na chini ya mbavu, mahali pale pale, palikuwa na doa la kahawia. Hakumsalimu Mama kwanza. Alikuja mbele yangu, akainua mkono nilione vizuri.

"Maji ya Zamu," akasema.

Kila mtu wa Mitunguu alijua maana yake. Maji ya mfereji yalikuja shambani kwa zamu. Unakaa ukitazama mtaro mkavu, unachoka, unataka kwenda nyumbani, kisha yanakufikia miguuni yote kwa pamoja. Siku hiyo sikukumbuka hata kuonja pilau.

Nilipomaliza kumsimulia haya yote, Muthomi alikuwa ameweka simu chini. "Na angevaa ile shati mpya?"

"Nisingejua hadi leo."

Kisha simu ikalia, akairudia. Simlaumu, ni mchezo mzuri, una rangi na milima ambayo sisi hatukuwahi kuota. Huko simu yenyewe ndiyo inayoamua nani amepigwa, papo hapo, na hakuna wa kubisha. Lakini ana maadui wengi asiowajua kwa sura, na nikimtazama usiku ameinamia mwanga ule, najua hakuna hata mmoja wao atakayekuja kwetu Disemba amevaa shati lililombana, ili mwanangu aone doa.