Ujuzi Nilioiba Ghalani

Hata leo nikiikumbuka barua ile hasira zinanipanda. Nilikuwa karani katika ghala moja la korosho Kibiti, kazi yangu kuandika uzito wa magunia na basi. Aliyekagua ubora alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa kijiji cha Mkongo. Cheti hakuwa nacho, lakini gunia lenye unyevu halikumpita.

Nilijifunza kwake wakati wa chai. Alikuwa akinishikisha konzi ya korosho, ananifumbisha kiganja, anakisogeza sikioni kwangu.

"Tikisa. Kavu inalia. Hii imekunyamazia, mwanangu, itaoza."

Wiki ya kwanza sikusikia kitu, akanicheka kwamba masikio yangu ni ya kuvalia hereni tu. Baadaye nikaanza kusikia, tukawa tunakagua wawili, na malori yakaacha kulala pale nje.

Ndipo akaja meneja mpya. Siku moja alinikuta na kiganja sikioni, akauliza nani kanifundisha. Nikamjibu kwa kucheka, kama tunavyosema wote: "Nimeiba kwa mama huyu."

Mswahili mwenzangu yule, maana yake aliijua fika. Lakini kesho yake akampa mama barua ya onyo, kwamba ameacha ujuzi wa ofisi uibwe na asiyehusika. Ujuzi wa ofisi? Hiyo ofisi ilimfundisha lini? Msimu ulipokwisha akanyimwa mkataba, na mimi niliyemponza kwa mdomo wangu nikabakizwa. Alikunja kanga yake ya kazini, akaniaga vizuri, hakunilaumu hata kidogo. Nililia chooni.

Msimu uliofuata tukaletewa semina. Mkufunzi kutoka Dar, projekta, maji ya chupa. Mada yenyewe: wafanyakazi kufundishana kazini. Meneja alikaa mbele akiitikia kwa kichwa, wala haya hana. Huko nje mkaguzi mpya, mwenye cheti chake, alikuwa anapasua korosho mojamoja na foleni ya malori imefika barabarani.

Mkufunzi alipoomba mfano, meneja akageuka, akanitaka niwaonyeshe wenzangu ile kazi ya kusikiliza korosho.

Nikasimama.

"Bosi, nilichonacho ni cha wizi, uliandika mwenyewe. Mwenye mali yuko Mkongo, analima mpunga. Mfuate ukamwombe."

Mkufunzi alicheka, akidhani natania. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama meneja.