Uji wa Kisimani kwa Guyo

Yule mzungu wa pamba alipotuuliza kama kuna anayejua mahali penye maji ya moto ardhini, ningejibu tu kwamba sijui, nami leo ningekuwa mzee mwenye heshima zake. Lakini nilikuwa nimesoma kuliko vijana wote wa Garsen (ndivyo nilivyojiona), na msomi wa namna ile hana ubavu wa kusema hajui. Nikasema yapo.

Mashine yake ya kuchambua pamba ilikuwa inamaliza kuni zote za kando ya mto, akataka kuchimba chini kabisa apate mvuke wa bure wa kuiendesha. Nami alfajiri moja ya kipupwe nilikuwa nimenawa uso kisimani kwa rafiki yangu Guyo, mfugaji, nikayaona maji vuguvugu, basi nikaamua kwamba chini kuna moto. Mwanamke yeyote anayeteka maji alfajiri angeniambia kuwa huo ni ubaridi wa nje tu unaodanganya mkono, ila mimi sikuwahi kuteka maji, nilikuwa natekewa.

Guyo alikataa kisima chake kichimbwe. Tangu enzi za baba zetu maziwa yao yalikuja kwetu na mahindi yetu yakaenda kwao, na kiangazi hakukuwa na kisima kingine karibu na malisho yake. Nikamwambia kikiharibika aniulize mimi.

"Wewe una ng'ombe?" akaniuliza.

"Nina akili," nikamjibu. (Akili!)

Akakubali kwa ajili yangu, si kwa ajili ya mzungu.

Wakachimba, na kila alfajiri mzungu alitia mkono kwenye ndoo, akanipigapiga bega, kichwa kikanivimba mpaka nikatangaza kwamba nitapika uji bila kuni. Asubuhi ya siku ya uji wachimbaji walitoboa udongo mgumu, maji yakapanda kwa nguvu, tukapeana mikono kabla hata ya kuyaonja. Watu wakajaa, wakulima na wafugaji, nami nikafika jua likiwa utosini, koti la kuazima mwilini, nikamwaga unga kwa madaha kwenye ndoo iliyotoka kisimani, nikakoroga. Unga ukaelea. Nikakoroga tena, jasho likinitoka mimi badala ya maji.

"Mwanangu," mama mmoja akaniuliza, "huo uji au chakula cha kuku?"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikaonja ili niwaonyeshe kwamba umeiva, nikatema. Ilikuwa chumvi tupu.

Guyo hakucheka. Alinipokonya upawa, akaonja.

"Sasa ng'ombe wangu wanywe akili yako?"

Mzungu alifunga mizigo yake akaenda kuchimba kwingine. Guyo alihama na mifugo katikati ya kiangazi, na ng'ombe wengi walimfia njiani. Kibuyu cha maziwa kutoka kwao hakikuingia tena nyumbani kwetu, na alipofariki nilipata habari kwa mpita njia, baada ya kuzikwa. Nilimpoteza Guyo kwa sababu sikutaka kusema sijui.