Madam Fyekeo na Utumbo wa Watoto Arobaini na Mmoja

Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani ofisini, kipindi cha sanaa kilikuwepo. Ijumaa mchana, kipindi cha mwisho, kwa wino wa kijani. Uwanjani, kipindi hichohicho kilikuwa cha kukata nyasi. Watoto walishika mafyekeo, mwalimu wa sanaa akasimama kivulini kuwahesabu vidole, asije mtu akarudi kwao na tisa. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Ndiyo maana watoto, wazazi na hata mwalimu mkuu walimwita Madam Fyekeo, na jina lake la cheti likabaki kwenye cheti.

Cheti chenyewe kilining'inia sebuleni kwa mama yake, juu ya televisheni. Miaka mitatu ya chuo, sanaa za maonyesho, ufaulu wa juu. Mama, mkunga mstaafu, alikitazama kila taarifa ya habari ilipoanza.

"Nimezalisha nusu ya mji huu," alisema, "sijaona mtu aliyesomea kuigiza ili aje asimamie nyasi."

"Angalau nyasi zangu zinaota, mama. Ufaulu ndio umegoma."

Hapo hakutania. Shule ilikuwa imeshika mkia miaka mitatu mfululizo kati ya shule thelathini na nane. Mara ya kwanza unaweza kusema umeteleza. Mara ya tatu una uzoefu. Mwanzoni mwa mwaka ikaja barua ya afisa elimu, fupi kama kofi: darasa la mwisho likishika mkia tena, shule inafungwa, na watoto wote watahamishiwa shule ya ng'ambo ya barabara kuu, ambako tayari wanakaa watano kwenye dawati la watatu na malori hayapunguzi mwendo kwa ajili ya mtu.

Mwalimu mkuu aliita kikao, akatoa mkakati. Mkakati ulikuwa kurudia masomo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi.

Kisha Ijumaa moja ikanyesha mvua. Nyasi hazikatiki kwenye mvua, kwa hiyo Madam Fyekeo akajikuta ndani ya darasa la mwisho, na watoto arobaini na mmoja, hana la kuwafanyia. Mezani kulikuwa na karatasi za jaribio la sayansi, nyekundu tupu. Akaokota moja, akauliza, "Jamani, chakula kikishaingia mdomoni kinakwenda wapi?"

Mtoto wa mbele akajitolea: "Kinaisha, Madam."

"Kinaisha?"

"Ukikitafuna sana kinaisha."

Alicheka mpaka akakaa. Alipomaliza kucheka alisukuma madawati ukutani, akafinyanga karatasi za jaribio kuwa tonge moja kubwa, akawapanga watoto mlolongo kuanzia mlangoni hadi dirishani. Sita wakawa meno, wakigonga viganja. Wanne wakawa koo, wakalisukuma tonge kwa mabega. Tumbo waliligombania; likaenda kwa pacha wawili wanene waliosema wanalo tayari. Binti mmoja mdogo aitwaye Kimya, kwa sababu hajawahi kujibu swali kwa sauti tangu darasa la kwanza, akasimama pembeni kuwa ini, akikamua nyongo hewani kama anayekamua nguo. Kumi na tano wakawa utumbo mwembamba, wanatikisa viuno.

Shida ikawa mwisho wa safari. Hakuna aliyetaka kuwa mwisho wa safari.

"Kiranja," akasema Madam. "Uongozi ni kujitolea."

Kiranja akaenda, kichwa juu, kama anayeapishwa.

Walirudia mara nane, wakibadilishana nafasi zote isipokuwa ile ya kiranja, ambaye kufikia mara ya tatu hakukubali kuiachia. Jumatatu mwalimu wa sayansi alitoa jaribio lilelile kuwakomoa. Walipata wote. Alilisahihisha mara mbili, mara ya pili akiwa amevaa miwani.

Tangu hapo Madam akaacha kusubiri mvua. Moyo ukawa wachezaji wanne wanaofungua na kufunga milango. Sehemu zikawa makofi: manne ni nzima, piga matatu nyamaza moja, hiyo ni robo tatu. Mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani aligonga ukuta wiki mbili akidai utulivu. Wiki ya tatu akachungulia mlangoni.

"Madam, samahani. Ile ya theluthi mnaipigaje?"

Mtihani wa mwisho ukafika, na wasimamizi watatu kutoka shule nyingine. Madam hakuruhusiwa kukaribia. Alikaa kwa mama yake siku nzima akimenya viazi ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Matokeo yalipotoka, mwalimu mkuu alimwita ofisini. Shule ilikuwa ya nne. Ya nne kutoka juu. Na matokeo yamezuiliwa. Ripoti ya wasimamizi ilisema hivi: "Katika swali la kumi na nne, watahiniwa wote walionekana kutikisa viuno kwa pamoja. Katika swali la ishirini walipiga makofi yasiyo na sauti. Tunashuku ishara za wizi wa mtihani." Kamati inakuja Alhamisi, na watahiniwa wote waitwe shuleni. Ikithibitika, matokeo ya wote arobaini na mmoja yanafutwa, na shule inafungwa.

"Mimi nilikwambia," alisema mwalimu mkuu.

"Uliniambia nini?"

"Sikumbuki. Lakini nilikwambia."

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti wao alikuwa na tai fupi na tumbo lililomtangulia kufika mezani.

"Mwalimu, hii ya viuno ni ishara ya jibu gani?"

"Utumbo mwembamba, mzee."

"Nauliza herufi. A, B, C?"

"Herufi siijui. Mimi niliwafundisha utumbo."

"Watoto arobaini wanakumbuka jibu moja, wakati mmoja, kwa kiuno?"

"Wewe nambari ya simu ya mkeo unaikumbuka kwa kichwa au kwa kidole?"

Mjumbe mmoja akakohoa kuficha kicheko. Madam akaona mwanya, akaingia nao.

"Tungeni maswali mapya, nyinyi wenyewe, sasa hivi. Mchagueni mtoto mmoja, mfungieni peke yake kwenye stoo ya mafyekeo. Akitikisika, mniambie anamwashiria nani. Fyekeo?"

Mwenyekiti alitazama wenzake. Wakaandika maswali kumi. Kisha akatoka uwanjani, akapita mbele ya mstari wa watoto, akamnyooshea kidole mdogo kuliko wote.

Kimya.

Walimweka binti kwenye kiti kati ya mafyekeo yaliyotundikwa, wakasimama dirishani. Dakika tano zikapita. Kimya alikaa wima kama nguzo ya umeme, kalamu mkononi, karatasi nyeupe pe.

Madam akamgeukia mwalimu mkuu. "Umewaambia nini watoto?"

"Nimewaambia atakayetikisika ndiye atakayetuzika," akanong'ona.

Madam akavuta pumzi. "Mzee mwenyekiti, mimi siruhusiwi kusema naye. Mwambie wewe kwamba anaruhusiwa."

"Anaruhusiwa nini?"

"Kucheza."

Mwenyekiti alirekebisha tai. Akaingiza kichwa dirishani. "Mtoto," akasema, na neno likamtoka kwa shida kama mfupa wa samaki, "unaruhusiwa... kucheza."

Kimya akaweka kalamu chini. Akasimama. Akawa meno, akawa koo, akapandisha mabega, akawa pacha wote wawili, akakamua nyongo kwa madaha ya mwenye mali yake, akatikisa utumbo wote kuanzia fyekeo la kwanza mpaka la mwisho. Akakaa, akaandika. Akapiga makofi matatu, akanyamaza moja, akaandika tena.

Tisa kwa kumi.

Wakaita wengine watano, wa kuchagua wenyewe. Kila mmoja alitikisika peke yake mbele ya mafyekeo, na kila mmoja alipata. Mjumbe aliyekohoa alikuwa sasa anajipigia theluthi kwenye paja. Mwenyekiti alifunga faili, akatoka mlangoni, halafu akarudi hatua mbili.

"Kwenye huo utumbo wenu, huku mwisho kabisa anakaa nani?"

Kiranja akanyoosha mkono kabla hajaitwa. "Mimi, mzee! Ni nafasi ya uongozi."

Matokeo yaliachiwa Jumatatu, ya nne kati ya thelathini na nane, na barua ya kufunga shule ikafutwa kwa barua nyingine iliyokuwa ndefu zaidi na yenye adabu. Mama mkunga aliisoma mara mbili, akaifunga kwenye fremu, akaitundika chini ya cheti. Sanaa ikahamishiwa Jumatatu asubuhi, kipindi cha kwanza, na Jumatano, na Ijumaa mchana pia.

Ndipo nyasi zikafika magotini, kwa kuwa hakukuwa na mtoto wa kuzikata. Ijumaa moja mwalimu mkuu alivua koti, akachukua fyekeo stooni, akainama uwanjani peke yake huku darasa jipya la mwisho likipiga robo tatu hadi bati zikaitikia. Kengele ilipolia watoto walipita mbele yake kwenda nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu Fyekeo!"

"Marahaba," akajibu, na alipowaona wamefika getini akahesabu vidole vyake. Vyote kumi.