Mayai Yaliyoivia Kwenye Mashine

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, siku tuliporudi kanisani tukakuta mayai ya mtaa mzima yameiva ndani ya mashine.

Tulikuwa Njombe, mwezi wa saba, baridi ya kuuma masikio. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita kikafagia kuku karibu wote. Majirani walimletea mama yangu kila yai walilopata, maana yeye ndiye aliyekuwa na mashine ya kutotolesha. Mbegu ya kuku wetu ilikuwa hiyo tu.

Kifaa cha kuongoza joto kikaungua. Kaka yangu Elia, fundi wa kompyuta kule Makambako, akaleta kipya cha aina ileile. Programu yake ilikuwa imeandikwa kwa asembli, lugha inayoiamuru mashine hatua kwa hatua, na kompyuta ya zamani ya Elia, aliyoitumia kuiandaa, ilikuwa imekufa. Asembla aliyoipata, yaani programu ya kugeuza maandishi hayo kuwa amri, ilitoka kwa watengenezaji wengine. Asembla ya zamani ilitaja kwanza mahali pa kupokea. Hii ilitaja kwanza mahali pa kutoa.

Nilikaa pembeni yake nikijifunza kazi. Kila mstari ulipokataliwa, aliugeuza. Asembla ilipoacha kulalamika, akafunga kazi, nami nikamwona bingwa. Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumapili asubuhi tukapanga mayai, tukaenda ibadani. Kukawa na mnada baada ya ibada, tukakawia. Tuliporudi, kioo cha mashine hakigusiki kwa joto.

Mstari mmoja wa programu ulitakiwa kuchukua kipimo cha joto na kukiweka pa kulinganishia. Haukugeuzwa, na asembla iliupitisha, maana hata kwa sheria zake uliandikika. Basi ukachukua sifuri iliyokuwa pa kulinganishia na kuiweka juu ya kipimo. Mashine ikaamini kuna baridi tupu, ikazidi kupasha.

"Mama, ilikubali yote," Elia akasema.

Mama hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alimenya yai, akalitia chumvi, akampa kwenye kisahani. "Hata wewe nikikutuma dukani huwa unaitikia, halafu unaleta kiberiti badala ya sabuni. Kula. Kisha twende kwa Mama Tulizo, ukamwambie mwenyewe."

Mama Tulizo, jirani yetu, alikuwa ametoa mayai yote ya kuku wake pekee. Alimsikiliza Elia mpaka mwisho, akauliza, "Hata moja?" Sijapata kuona mwanamume akitazama chini namna ile.

Mwanangu, ukihamisha kazi kwenda asembla nyingine, usirekebishe pale tu unapokemewa. Soma na mistari iliyopita salama, ujiulize nani anatoa na nani anapokea. Jaribu mashine kwa chupa za maji kabla ya kuweka tegemeo la watu. Na ukiharibu, nenda mwenyewe mlangoni kwa uliyemuumiza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Elia ni fundi hadi leo.

Mungu akupe moyo usio na papara, na kila atakayekukabidhi chake, akirudi akikute kizima.